Kopo la Mchanga Kwenye Friji

Katekista alianza vizuri. Alisoma marehemu alizaliwa wapi, akasoma shule, akasoma ndoa, akasoma kazi ya miaka mingi kwenye kiwanda cha pamba. Kisha akavuta pumzi, akapandisha sauti, akasema kwamba watu wa Igogo watamkumbuka zaidi Mzee Magesa kwa kuotesha mzabibu kwa mbegu juu ya mawe haya, jambo ambalo hata wataalamu walisema haliwezekani. Waombolezaji wakaguna kukubali. Mama mmoja aliyekaa kando yangu kwenye jamvi akanigusa goti na kuninong'oneza kwamba ule mzabibu kwa kweli ulikuwa wa ajabu. Nikamjibu ndiyo, ulikuwa wa ajabu. Ningemwambia nini? Nimetimiza miaka hamsini, ni muuguzi, nimezalisha wanawake nisioweza kuwahesabu, nimewafokea madaktari mbele ya wagonjwa wao, na bado pale kwenye jamvi nilikaa kimya kama mtoto aliyevunja bilauri ya wageni. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanikauka. Sikumkasirikia katekista, maskini, yeye alisoma alichoandikiwa. Nilimkasirikia aliyelala ndani ya jeneza, kwa sababu alikuwa anazikwa na hajawahi hata siku moja kuniacha nimalize sentensi.

Huyo marehemu alikuwa mume wa mama yangu mdogo, nasi tulimwita Baba mdogo. Niliishi kwao mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipomaliza kidato cha nne. Ilikuwa miaka ya kila kitu kuuzwa na kila mtu kupunguzwa kazini. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa huku vile vya zamani vinafungwa, na sisi tuliokuwa mlimani Igogo tulikula mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki ambao minofu yao ilishapanda ndege. Nyumba ilikuwa vyumba vitatu vilivyobanwa kati ya mawe mawili makubwa, jiwe moja likiwa ndilo ukuta wa jiko. Sebuleni palikuwa na makochi manne, redio, picha ya harusi, na friji. Friji lile lilikuwa ndilo baba na mama wa nyumba. Mama mdogo alilivisha kitambaa alichokifuma mwenyewe, akalifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso, na ndani yake alijaza barafu za ukwaju alizofunga kwenye vifuko vya nailoni. Barafu hizo ndizo zilizotulisha baada ya kiwanda kumpunguza Baba mdogo. Kwa hiyo mtu akilifungua friji bila sababu, alisikia maneno ya Mama mdogo.

Sasa hebu fikiria, katika friji hilo hilo, rafu ya katikati, panakaa kopo la majarini lililojaa mchanga mbichi. Ndani ya mchanga kuna mbegu kumi na saba za zabibu. Mbegu zenyewe zilitoka kwenye sherehe ya kuwaaga waliopunguzwa. Waliopunguzwa walipewa pilau na soda, na kule meza kuu, kwa wageni, iliwekwa sahani ya zabibu nyeusi zilizotoka sijui wapi. Baba mdogo alikaa akaitazama sahani ile hotuba nzima. Hotuba ilipoisha alinyanyuka, akapita katikati ya watu, akafika meza kuu, akachukua kichala kizima, akarudi nacho kwenye kiti chake na kukila polepole bila kumkaribisha mtu. Mbegu akazitema kwenye leso. Mama mdogo alikuwepo, na alituhadithia jambo hilo kwa aibu mara nyingi mno, kila mara akifikia mahali pa kutema anafunika uso kwa kanga.

Hayo ya kuweka mbegu kwenye baridi aliyapata kwenye kijitabu cha bustani alichokikuta ofisini wakati wanahamisha makabati. Kilikuwa cha Kiingereza na mchwa walikuwa wameshakila kuanzia nyuma. Kurasa zilizosalia zilisema mbegu ya mzabibu lazima ikae kwenye mchanga wa unyevu, mahali pa baridi, miezi mitatu, ndipo ipandwe. Baada ya hapo palikuwa na matundu. Kama ukurasa uliofuata ulisema kwamba watu wenye akili zao hupanda kijiti kilichokatwa kwenye mzabibu mwingine, mchwa walikula ushauri huo. Lakini hata bila kijitabu aliambiwa. Jirani mmoja dereva wa lori alimwambia Dodoma nzima inapanda vijiti, kwamba angemletea fungu bure safari ijayo, na kwamba mizabibu ya mbegu huchukua miaka na inaweza isizae kabisa. Baba mdogo alimsikiliza akiwa amefumba macho. Alipomaliza, alijibu kwa sauti ya chini, nami nilikuwa pale pale nikipepeta mchele.

"Kijiti ni cha mtu mwingine. Miaka yote nimefanya kazi ya mtu mwingine, amekuja ameichukua. Hii mbegu niliitema mimi."

Dereva aliniangalia, mimi nikaangalia ungo. Wakati ule nilidhani ni kiburi. Leo nimeshaona wanaume wengi waliopunguzwa, nimewapokea wodini wakiwa na shinikizo la damu wasilojua lilikotoka, na najua kilikuwa kitu kingine. Baba mdogo alikuwa ameacha kutoka nyumbani. Kiwanda kimoja cha samaki kilimtaka awe mlinzi wa geti, akakataa. Alishinda kwenye kochi lililotazamana na friji, kofia kichwani, na Mama mdogo akipita akamzunguka kama anavyozunguka fanicha. Wakisemezana, wanasemezana juu ya kopo. Mama mdogo anasema linachukua nafasi ya barafu kumi. Yeye anasema barafu zitayeyuka lakini mzabibu utabaki. Mama mdogo anasema ipo siku atalirusha ziwani. Haya yalisemwa asubuhi, yakasemwa mchana kwenye ugali wa muhogo, na usiku nikayasikia kupitia ukuta, mpaka nilikuwa nikiona zabibu kwenye picha yoyote ya kanisani naghadhibika.

Mwezi wa kwanza ikaja barua yangu. Nilikuwa nimechaguliwa chuo cha uuguzi, ng'ambo ya kivuko cha Busisi. Ndani yake palikuwa na fomu ya kurudishwa kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, ikiwa na sahihi ya mlezi, na mlezi wangu aliyeandikwa alikuwa Baba mdogo. Nilimpelekea kwa magoti mawili, na kalamu mkononi. Aliisoma yote, akanipongeza, akaisifu karatasi yenyewe kwa uzito wake, kisha akainua redio na kuiweka chini yake. Akasema atasaini mbegu zikiota. Nikauliza kwa nini. Akasema kwa sababu mimi ndiye ninayelinda kopo, nikiondoka kabla hazijaota Mama mdogo atalirusha ziwani kama alivyoapa. Nikasema, Baba mdogo, fomu ina tarehe yake. Akasema na mbegu zina tarehe yake. Nikasema lakini kama hazi... Akaongeza sauti ya redio. Jamani, nilitoka nje nikaenda kukaa juu ya jiwe, nikalia kwa hasira mpaka kwikwi. Maisha yangu yote, uuguzi wangu, gauni jeupe nililokuwa nimeshaliota, vimewekwa kwenye kopo la majarini. Kuanzia siku hiyo nikawa mlinzi wa kopo kweli. Nilinyunyizia mchanga kila Jumapili. Umeme ukikatika, nilikimbia nalo kwenye mtungi wa maji wa chumbani kwangu nikaliegemeza hapo lipate ubaridi. Sikuwa napenda zabibu. Nilitaka sahihi.

Basi mwezi wa tatu, mvua zimeanza, umeme ukakatika siku mbili. Barafu zote ziliyeyuka, friji likatoa harufu ya ukwaju uliochacha, na Mama mdogo akatoa vyote vilivyomo ili alisugue. Nikabeba kopo nikaliweka kwenye kichanja cha vyombo nyuma ya nyumba, kivulini, nikiwaza nitalirudisha baadaye. Pale kwenye kichanja ndipo kila mama wa mlima ule huweka kopo lake la mchanga wa kusugulia masufuria. La kwetu lilikuwa la majarini pia. Nani asiyejua kwamba sufuria la ugali lililopikiwa kuni haling'ai bila mchanga na majivu? Nimefanya kazi ile tangu nina miaka sita, mkono unakwenda wenyewe. Nilichuchumaa, nikachota, nikasugua sufuria kubwa ndani na nje, nikawa naimba. Mchanga ulikuwa laini, tena wa ubaridi mzuri mkononi. Nilisugua nikamaliza kopo zima, nikasuuza, nikamwaga maji kwenye mtaro unaoteremka katikati ya mawe. Ndipo nilipoinua macho nikaliona lile kopo lingine, la masufuria, limekaa pale pale limejaa.

Nilipiga magoti kwenye mtaro, nikachekecha tope kwa vidole, nikainua mawe, nikafukuza kuku watatu waliokuwa wanadonoa na kuwatazama midomoni kama wezi. Sikupata mbegu hata moja. Kumi na saba, na hakuna hata moja iliyobaki chini ya ukucha. Nililiona jambo hilo la ajabu kidogo, lakini niliwalaumu kuku, na sikuwa na muda wa kulichunguza zaidi, maana Mama mdogo alikuwa ananiita. Nikajaza kopo mchanga wa masufuria, nikaumwagia maji, nikalirudisha kwenye rafu yake. Mama mdogo alinitazama nikiliweka, akaguna, akaendelea kufuta mlango. Nilidhani amegundua.

Wiki tatu nililinda mchanga mtupu. Jumatatu ya Pasaka Baba mdogo alivaa shati la kanisani, akatuita, akasali sala ndefu juu ya kitalu alichokitengeneza kati ya mawe mawili. Udongo wa kitalu hicho niliubeba mimi mwenyewe kwa karai kutoka bondeni, karai kumi na mbili, shingo ikataka kuingia kifuani. Akamimina mchanga wote wa kopo kwa mpigo, bila kutafuta mbegu, kwa sababu kijitabu kilisema mbegu iliyoamka isiguswe na vidole. Nilimshukuru Mungu kwa kijitabu kile kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kisha akaanza kungoja. Lakini ajabu ni kwamba alingojea nje. Alitoa kigoda, akakaa kando ya kitalu, na watu waliopita njiani wakawa wanamsalimia, shikamoo mzee, marahaba, vipi zabibu, bado, zitatoka. Alianza kunyoa ndevu. Alianza kutembea hadi bombani kuchota maji yake mwenyewe. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila jioni aliingia ndani akisema kesho. Na mimi nikimtazama mtu akichangamka juu ya mchanga wa kusugulia sufuria, nikawa sijui nimchukie au nimwonee huruma, nikafanya yote mawili.

Mwezi wa tano ukaingia. Nilikwenda Ilemela kwa masista kuomba barua ya tabia njema ya kuambatanisha na fomu, fomu ambayo bado ilikuwa chini ya redio. Sista Skolastika, aliyekuwa anatunza bustani ya pale, alinikuta uani nimesimama nimetoa macho. Kwenye baraza lao palikuwa na mzabibu uliotambaa juu ya waya mpaka darini, na siku hiyo alikuwa anaukata matawi. Vijiti vilikuwa vimelundikwa chini vingoje kuchomwa. Niliangalia lile lundo, nikasikia kichwa changu kikifanya kazi peke yake. Nikaomba kijiti kimoja. Aliuliza cha nini, nikasema cha Baba mdogo. Hapo sikudanganya. Alichagua kizuri chenye macho manne ya kuchipua, akanifungia kwenye gazeti bichi, akanielekeza: zika macho matatu, acha moja tu lichungulie. Jumapili iliyofuata, Baba mdogo akiwa misa ya kwanza, nilikizamisha katikati ya kitalu, nikakisukuma mpaka hilo jicho moja likawa sawasawa na udongo, nikalifunika kwa majani makavu. Fomu ilikuwa imebakiwa na siku kumi na saba.

Kilichipua siku ya kumi na tatu. Nilikuwa jikoni nakoroga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Baba mdogo aliingia, akavua kofia, akakaa chini sakafuni, yeye ambaye hata mimi nilikuwa sijawahi kumwona ameketi chini. Mama mdogo akatoka sebuleni kuuliza kuna nini. Akamwonyesha nje kwa kidole. Mama mdogo alikwenda, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi uso ulikuwa umebadilika, akaenda moja kwa moja kumpakulia mumewe chakula, akampa kwa mikono miwili. Hakusema neno juu ya kopo siku ile wala siku nyingine yoyote. Nilidhani amechoka kugombana. Baba mdogo alikula, akanawa, akainua redio, akasaini. Alinisindikiza mwenyewe mpaka kivukoni, na njia nzima alinieleza jinsi ya kuotesha mzabibu kwa mbegu. Nilijaribu kumwambia pale, kivuko kikiwa kinakaribia, nikasema Baba mdogo, kuhusu ile mbegu. Akasema najua, ulizilinda vizuri, mwanangu. Akanisukumia begi langu, akageuka.

Mzabibu ukazaa baada ya miaka miwili. Bwana shamba alikuja kuushangaa, akasema wa mbegu hauzai mapema hivyo, na badala ya hilo kumtia Baba mdogo shaka, likampandisha hadhi. Nilikuwa likizo siku alipobeba vichala vya kwanza kuwapelekea masista. Sista Skolastika alitafuna moja, akasema zinafanana kabisa na za kwao. Baba mdogo akamwambia hapana, Sista, zenu ni za kijiti, hizi ni za mbegu. Sista alinitazama. Alitema mbegu kiganjani, akatafuna nyingine, akasema kweli, sasa nauona utofauti. Mtawa yule, Mungu amrehemu, alidanganya mchana kweupe kwa ajili yangu, na mimi nikapokea kikapu kitupu nikatazama viatu. Miaka iliyofuata nilijaribu mara tatu kumwambia. Mara ya kwanza aliniambia ninyamaze taarifa ya habari imeanza. Mara ya pili palikuwa na wageni, akanikamata mkono akawaambia huyu ndiye aliyelinda kopo. Mara ya tatu alikuwa kitandani na hasikii vizuri.

Kwa hiyo siku ya tatu baada ya mazishi, matanga yalipoanuliwa na watu kutawanyika, nilikata shauri nimwambie Mama mdogo. Lazima mtu mmoja ajue. Tuliketi sebuleni, kochi lile lile. Friji bado lipo, limekufa siku nyingi, sasa anatunzia shuka, na kitambaa cha kufuma kiko juu. Nilivuta pumzi nikasema, Mama mdogo, nina jambo la zamani kuhusu mzabibu. Akainua mkono kunizuia. Nikawaza, Mungu wangu, na huyu naye.

"Subiri, Tabitha, nianze mimi," alisema. "Mimi ni mwenye dhambi. Zile mbegu nilizitupa. Wiki ya pili tu. Nilizichekecha, nikazirusha chooni, nikarudisha mchanga mtupu. Nilitaka achoke, aende akatafute kazi."

Niligeuka nikalitazama friji.

"Na bado uliota," alisema. "Kwenye mchanga ambao nilijua mwenyewe hauna kitu. Nilisimama pale nje nikautazama. Nikasema huyu mwanamume ninayemtukana, Mungu anamsikiliza. Sikumwinulia sauti tena mpaka amekufa. Sasa, wewe ulitaka kusema nini?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yale ya wazee, yaliyofifia pembeni. Miaka thelathini ya amani ndani ya nyumba ile ilikuwa imesimama juu ya kijiti changu. Nilikuwa na maneno yote kinywani, nimeyapanga tangu nikiwa barabarani asubuhi ya msiba, juu ya daraja jipya, nikitazama chini pale kilipokuwa kivuko. Nikayameza. Nikamwambia nilitaka tu kusema kwamba ulikuwa mzabibu mzuri. Akatikisa kichwa kukubali, akainuka kwa shida, akafungua friji, akatoa kati ya shuka kopo la majarini. Akasema mzee alichambua mbegu za mavuno ya mwisho kwa mkono wake, akaagiza nipewe mimi, maana mimi ndiye pekee ninayejua kuzilea.

Nimeshazipeleka nyumbani. Nilichekecha mchanga kwanza, niliapa sitalinda mchanga mtupu tena maishani, na mbegu zimo, nimezigusa moja moja. Zimekaa rafu ya katikati ya friji langu, wiki ya tisa sasa. Mume wangu analalamika kwamba kopo linachukua nafasi ya mtindi wake. Binti yangu ameniuliza kwa nini nisinunue mche, siku hizi unauzwa hata barabarani, na nilimjibu vibaya mpaka nikaomba radhi. Kijitabu hakipo, mchwa walikimaliza, na sijui kama zitaota. Umeme ukikatika nainuka naenda kulishika kopo nione kama bado lina ubaridi. Nimekasirika kila siku ya wiki hizi tisa, na nataka ziote kuliko nilivyoitaka ile sahihi. Kwenye kifuniko nimebandika plasta ya hospitali na kuandika kwa herufi kubwa: HUU SI MCHANGA WA SUFURIA.